Milimita Sita za Kabureta

Mwaka 2014 nilikuwa fundi pikipiki bora kuliko wote kuanzia Kasulu mjini hadi mwisho wa dunia, na mwisho wa dunia kwa hesabu zetu ulikuwa Kibondo, kwa kuwa sijamwona mtu aliyeimaliza barabara ile ya vumbi jekundu akabaki na hamu ya kwenda mbele zaidi. Sifa hizo sikupewa na watu. Nilijipa mwenyewe, tena kila siku, na wateja waliokaa kwenye benchi langu wakisubiri pikipiki zao hawakuwa na pa kukimbilia.

Zaidi ya ufundi, nilikuwa msomi. Baada ya darasa la saba niliingia gereji moja kwa moja, na miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuota kitambi, nikajiandikisha masomo ya jioni, nikakaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mtihani wa kidato cha nne nikaufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwenye fizikia nikapata C. C ile niliitembeza mji mzima kama bibi harusi. Mtu akiniletea pancha, nilimweleza kwanza mgandamizo wa hewa ni nini, ndipo nikaishika tairi.

Aliyenisukuma kwenda kusoma ni dada yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, na sasa alikuwa ameolewa Nyakitonto, akilima maharage na mihogo. Hakuwahi kuniita fundi. Nikienda kumsalimia alipiga makofi ya salamu kwa heshima zote, kama tunavyowasalimu wakubwa kwetu Buha, halafu akanikabidhi jembe.

“Karibu, profesa. Mstari wako unaanzia pale.”

Lakini nyumba ile ilikuwa na jambo moja ambalo hata mimi sikuthubutu kulitania. Mwaka 2012 dada alipatwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza siku ya mvua. Gari la kukodi likakwama matopeni kabla hata halijafika kwao. Alisubiri kutwa nzima, na alipofikishwa hospitali mtoto alikuwa ameshatulia tumboni. Walimzika nyuma ya nyumba, na dada akapanda maua mekundu juu yake, akawa anayamwagilia hata wakati wa mvua.

Kwa hiyo aliposhika mimba tena, mumewe alikuja gerejini kwangu. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache kiasi kwamba ukimuuliza habari za nyumbani anafikiri kwanza. Alikuwa na pikipiki aliyobebea magunia, mikungu ya ndizi na abiria, na mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemchongea silinda na kumwekea pistoni kubwa zaidi, maana ile ya kiwandani ilikuwa inalia milimani. Injini ilikuwa na nguvu sasa, lakini kabureta ilibaki ile ile ya zamani. Pikipiki ilikuwa na kifua cha ng'ombe na ilipumulia pua ya kuku.

Alikaa kwenye benchi, akainama, akasema alilotumwa na moyo wake.

“Shemeji, nataka kitu kimoja. Siku hiyo isinizimikie.”

Nikamwambia ameshafika. Nikamwambia nitamtengenezea chombo ambacho uchungu wenyewe utaachwa nyuma ukiuliza mama ameelekea wapi. Akatabasamu kidogo. Nilipenda sana kumfanya mtu yule atabasamu, kwa sababu ilikuwa kazi ngumu kama kufungua nati iliyoota kutu.

Kwa asiyejua, kabureta ni bomba fupi ambalo hewa hupitia ikielekea kwenye injini. Ndani yake kuna kitundu kidogo kiitwacho jeti. Hewa ikipita kwa kasi inainyonya petroli kwenye kitundu hicho, inaipasua kuwa ukungu, na ukungu huo ndio unaolipuka. Bomba likiwa jembamba kupita kiasi, injini inakosa pumzi ikikimbia. Likiwa pana kupita kiasi, hewa inapita kivivu injini ikiwa taratibu, petroli haipasuki, inadondoka tu kama maji ya bomba bovu, na injini inazama. Kwa hiyo kazi yote ya kuchagua ni kujua injini hiyo itaishi maisha gani.

Haya nayaandika leo kama mtu mwenye akili. Siku ile nilichukua daftari langu la fizikia. Mwalimu wetu wa jioni, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya na aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alikuwa ametufundisha kwamba injini ya aina hii huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Basi nikachukua ujazo wa silinda, nikazidisha kwa mizunguko ya dakika moja, nikagawa kwa mbili. Hesabu yangu ilikuwa safi, ungeweza kuila bila kuiosha. Kosa lilikuwa kwenye mizunguko. Nilichukua ile ya juu kabisa, ambayo pikipiki huifikia mtu akiwa amejilaza juu ya tangi kwenye lami tambarare bila mzigo. Hakuna mtu aliyewahi kuifikia mizunguko ile njia ya Nyakitonto, labda akianguka.

Kabureta ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita ishirini na sita. Hesabu ikanipa thelathini. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Sokoni kwetu, muuza maharage akishajaza kopo hadi linatoka kichuguu, lazima aongeze konzi moja juu. Asipoongeza, ni mchoyo, na kesho hutarudi kwake. Sasa huyu ni shemeji yangu, mume wa dada aliyenilea. Nimpimie kopo lililofutwa juu, bila konzi? Nikaongeza milimita mbili za heshima. Thelathini na mbili.

Kabureta ya ukubwa huo haikuwepo madukani. Nikaambiwa nikajaribu soko la kando ya kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongo waliuza kila kitu kuanzia vitenge hadi gia. Nikampata fundi mmoja wa makamo aliyetandika vipuri juu ya shuka, vimepangwa kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha. Aliniuliza injini ya ukubwa gani, nikamwambia. Akaniuliza itafanya kazi wapi, nikamwambia. Akaishika ile kabureta asinipe.

“Hii carbu ni ya kukimbia, ndugu yangu. Haiko ya kupanda,” alisema kwa Kiswahili chao. “Kwenu kuko milima, na watu wa kule wanasimama-simama sana. Moteur ikisimama, hii itaizamisha.”

Nilimjibu kwa fizikia. Nilimpa ujazo, nikampa mizunguko, nikampa na kugawa kwa mbili. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini isiyo yake, kisha akasema sawa, patron, yaani bosi, akaniviringishia kabureta kwenye gazeti. Nikarudi nikiwasimulia abiria wenzangu jinsi nilivyomfundisha kazi fundi wa Kongo.

Niliifunga siku iliyofuata, na jeti kubwa juu yake ili petroli ilingane na hewa. Tuliijaribu pale mjini, kwenye kipande cha lami, bila mzigo, injini ikiwa ya moto. Jamani, ilikimbia. Shemeji aliporudi machozi yalikuwa yamemkauka mashavuni kwa upepo, na jamaa wote wa benchi walisimama. Iliunguruma kama simba aliyemeza simba mwenzake. Ilikuwa inazima kidogo ukiiacha itulie, lakini nikasema ni ugeni, itazoea.

Mpango wa awali ulikuwa dada aje akae kwangu mjini mimba itakapoingia mwezi wa tisa, awe karibu na hospitali. Maharage yalikuwa yamekauka shambani yakisubiri kung'olewa. Nikaenda kwao na pikipiki ile, nikawaonyesha saa: dakika arobaini kati ya hospitali na mlango wao. Nilimwambia dada angoe maharage yake kwa raha, pikipiki ipo. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mara ya pili aliuliza kwa Kiha, na kwetu mambo mazito ndiyo huulizwa kwa Kiha. Nikamjibu nina uhakika.

Uchungu ulimshika asubuhi, kama saa tatu, akiwa shambani, wiki tatu kabla ya siku. Nitasimulia nilivyosimuliwa, maana mimi nilikuwa gerejini nikimpa mtu somo kuhusu betri.

Waliondoka vizuri. Shemeji mbele, dada katikati amekaa upande, jirani mmoja mwanamke nyuma amemshika. Pikipiki iliondoka kwa nguvu, ikabeba watatu kama imebeba kuku. Walipofika kwenye kilima kirefu, katikati ya mpando, wakakutana na msiba. Watu wengi walikuwa wanashuka na jeneza begani, wanawake nyuma wakiimba, na mwishoni wanaume wenye baiskeli zilizobeba majembe na sepetu.

Kwetu ukikutana na msiba njiani unazima chombo, unashuka, unavua kofia, unangoja hadi mtu wa mwisho apite. Hakuna polisi anayekukamata usipofanya hivyo. Watu watakukumbuka tu, na siku ya msiba wako utachimba mwenyewe. Shemeji akazima. Wakashuka wote watatu, dada ameegemea kingo ya barabara, msiba ukapita.

Kisha akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikazima. Akapiga tena. Kwa usimulizi wangu wa zamani alipiga kiki mia tatu. Yeye mwenyewe alisema kumi na tano. Hapo akanipigia simu.

“Shemeji, imezima.”

Nilimuuliza wako wapi, akanitajia kilima. Nilisikia dada akiguna nyuma yake. Fundi mwenye akili angeuliza: umesimama kwenye mwinuko? Petroli inanuka? Angemwambia funga koki, fungua resi yote, piga kiki hadi injini ikauke. Mimi sikuweza kuamini kwamba mashine yangu inaweza kuzama. Mawazoni mwangu ilikuwa inakosa mafuta, si kuzidiwa nayo. Nikasema maneno mawili.

“Vuta choki.”

Choki inaongeza petroli. Nilimwambia mtu anayezama anywe maji.

Iliposhindikana kabisa, aligeuza pikipiki, akashuka nayo kilima peke yake, akaiingiza gia huko chini. Ikawaka. Ikapanda ikinguruma hadi alipokaa mke wake. Lakini ili ampakie ilibidi apunguze mwendo, na alipopunguza, ikafa. Akashuka tena. Ikawaka tena, ikapanda, akapunguza, ikafa. Mara ya tatu dada, aliyekuwa ameshaketi chini, alimpungia mkono kumwambia basi, aache.

Wanaume wanne wa mwisho wa msiba walikuwa wamegeuka nyuma kutazama. Waliyatua majembe yao, wakamkalisha dada kwenye keria ya baiskeli, wawili wakamshika ubavuni, wawili wakasukuma hadi juu. Huko juu walisubiri sana. Lori la kuni likawachukua. Kutoka nyumbani hadi kitanda cha hospitali zilipita saa nne.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa akiwa na uzito mzuri na nywele nyingi, na hakulia.

Baada ya siku chache nilimtafuta muuguzi aliyempokea, mama mmoja mtu wa Moshi, nikamuuliza kama wangefika mapema ingekuwaje. Alisema hawezi kuniambia ndiyo na hawezi kuniambia hapana, na kwamba wanaume wanaouliza swali hilo huwa wanataka jibu moja kati ya mawili, naye hana lolote. Nikamshukuru. Sikuwa na utani wowote mfukoni siku hiyo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imeachwa pale kilimani, imeegemezwa kwenye kingo. Nilikuwa nimeifuata asubuhi iliyofuata siku ya uchungu. Nikatoa plagi. Sisi mafundi plagi huisoma kama daktari anavyosoma ulimi: ikiwa rangi ya kahawia ya maziwa, injini ni nzima. Ile ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mama ntilie, na imelowa, petroli ikinidondokea viganjani. Nilijua pale pale. Niliketi mahali alipoketi dada, nikaisafisha plagi kwa shati langu, nikafunga koki, nikafungua resi, nikapiga kiki mara sita. Ikanguruma kwa furaha kama hakuna lililotokea.

Nikaipeleka gerejini, nikafunga kabureta ya zamani, ile ya ishirini na sita. Shemeji alipokuja kuichukua alisikiliza mlio, akaniuliza kama kuna nilichobadilisha.

“Nimeisafisha tu,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kosa ni lake. Asingezima injini, wangepita. Alisema hajui alikuwa anawaogopa akina nani, wafu au watu. Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu, unaoweza kuzungumza kutoka Kasulu hadi Buhigwe bila kumeza mate, ulibaki umefungwa. Nikamwambia Mungu ndiye mpangaji. Akaondoka nalo kosa langu, amelipakia kama gunia.

Tangu siku hiyo shemeji hakusimama tena njiani. Habari zilinifikia gerejini kutoka kwa wateja wa upande ule. Anapita msiba akiwa kwenye gia ya tatu. Anawapita wazee waliosimama kusalimiana naye, anawaacha na mikono hewani. Wengine walisema amelewa, wengine walisema amejiunga na dini isiyosalimu. Watu wakaacha kumpa mizigo. Na nyumbani, dada alinyamaza. Nilipokwenda alinipikia, akaniuliza habari za kazi, hakuniita profesa. Nilidhani amemkasirikia mumewe. Nilikaa kati yao nikisimulia vichekesho ambavyo hata mimi sikuvisikia.

Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, nilihamia Kibondo. Kulikuwa na pikipiki za kutosha kuwalisha mafundi wote wa Afrika. Niliwaambia watu nimefuata kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia kusikia habari za shemeji. Lakini Kibondo nako, kila mteja aliyetaka kabureta kubwa nilimuuliza njia anayopita, anabeba nini, anasimama mara ngapi, na wengi waliniona mchoshi wakaenda kwa jirani. Siku moja jirani huyo aliniletea injini iliyomshinda, kabureta pana juu ya silinda ndogo, akaniuliza nina maoni gani. Nilitoa plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa. Nikaifunika kwa kitambaa, nikafunga gereji kukiwa bado mchana, nikapanda gari la Kasulu.

Niliwakuta dada na shemeji nyumbani kwao wakipura maharage. Sikukaa. Niliwaeleza nikiwa nimesimama: milimita ishirini na sita, milimita thelathini na mbili, Mkongo aliyenionya, choki, plagi. Nilieleza bila kupamba kitu, na nikagundua kwamba bila mapambo habari nzima haikuchukua hata dakika tano.

Shemeji aliendelea kushika fimbo ya kupuria. Dada ndiye aliyeanza.

“Ulijua siku gani?”

“Kesho yake.”

Alihesabu kwa vidole. Mwaka mmoja na miezi.

“Mimi ndiye niliyemwambia azime,” alisema. “Yeye alitaka kupita. Nikamgusa mgongoni, nikamwambia zima, watu wanazika. Mwaka mzima nalala na neno hilo, na yeye ananifichia kwamba nililisema, watu wasione mimi ndiye mwenye kosa. Na wewe ulikuwa unajua.”

Hakupaza sauti. Kosa la kabureta angenisamehe, nililiona hilo usoni mwake. Alishaacha kuishughulikia kabureta. Ila mwaka ule niliowaachia walale na makosa yasiyo yao, huo aliushika mkononi akiutazama. Alirudi kwenye maharage yake. Nilisubiri aniambie nikae au niende, hakuniambia lolote kati ya hayo.

Baadaye shemeji alitoa pikipiki anisindikize hadi barabara kuu. Kwenye kile kilima, katikati ya mpando, alisimama. Hapakuwa na msiba, hapakuwa na mtu. Alizima injini, akavua kofia, akakaa nayo mapajani kwa muda mrefu, upepo ukipita kwenye majani ya mihogo. Mimi nyuma yake nilitazama ile kingo ya barabara.

Kisha akapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza. Akaizima. Akapiga tena, ikawaka. Alifanya hivyo mara nne, bila kugeuka kunitazama, halafu akaivaa kofia yake tukaendelea.